Zizi la Pili Wanatazama

Nilikuja Guangzhou, China, kwa ajili ya macho, nikaishia kwa kulungu.

Aliyenileta ni mwanangu Rashid. Kazi yake ni kununua vitambaa soko la Zhongda na kuvipeleka bandari ya Nansha vipakiwe kwenye kontena, na anakaa ghorofa ya kumi na moja, nyuma ya Huanshi Zhonglu. Nilitolewa mtoto wa jicho, kushoto kisha kulia, salama kabisa, daktari akasema nisisafiri mpaka anione tena baada ya miezi mitatu. Nikakaa ghorofani siku tisa. Siku ya kumi nikamwambia Rashid, "Baba, madirisha ya jengo la mbele nimeshayahesabu yote. Sasa nihesabu nini?"

"Mama, si upumzike."

"Nimepumzika mpaka kiuno kinauma."

Zulekha alikuwepo siku ile, amekuja kula wali wa nazi. Zulekha ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, anasomea mambo ya mifugo chuo kikuu kwa ufadhili. Marehemu babu yake alikuwa akimwita "mke wangu" tangu anatambaa, kwa hiyo mimi na yeye ni wake wenza, na ndivyo tunavyoitana mpaka leo.

"Mke mwenzangu," akaniambia huku anasugua sahani kwa ukoko, "twende ukakae na mimi shamba. Kuna chumba, kuna jiko, kuna hewa. Na kuna wanyama wa kuwatazama badala ya madirisha."

Kesho yake nikafungasha kanga nne na mbuzi yangu ya kukunia nazi, tukaondoka.

Shamba liko Conghua, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, bado ni Guangzhou hiyo hiyo lakini kuna vilima na ukungu wa asubuhi. Kulungu wenyewe si kama wale wa porini kwetu Muheza. Hawa wana madoa meupe mgongoni kama waliomwagiwa unga, na madume pembe zao zinaanguka kila mwaka na kuota upya. Zikiwa bado laini ndipo zinapokatwa, watu wananunua kwa dawa. Mwenye shamba ni Bwana Lin, mtu mfupi, mcheshi, kofia haitoki kichwani hata mezani. Kila mtu pale anamwita Laoban, yaani bosi, kama wauza vitambaa wanavyoitwa kule mjini. Nami nikamwita hivyo hivyo.

Tabu ya Laoban ilikuwa minyoo. Kulungu si ng'ombe. Ukitaka kumpa dawa lazima umkamate, na ukimkamata anapagawa, anajipigapiga ukutani. Mwaka uliopita wawili walivunjika miguu siku ya dawa. Na dawa yenyewe minyoo wameshaizoea, wanainywa kama chai. Ndipo Zulekha akaomba kipande cha ardhi apande chikori, majani fulani marefu, machungu, yenye mzizi mnene mweupe kama karoti iliyochujuka. Utaalamu wao unasema mnyama akiyala majani hayo, minyoo haistawi tumboni. Laoban akakubali, ila kwa sharti. Wiki sita. Mavi yapimwe mwanzo, yapimwe mwisho. Mayai ya minyoo yakipungua kwa sababu ya majani, chikori inabaki na Zulekha anaendelea na kazi yake. Yasipopungua, trekta linapita siku inayofuata, panapandwa viazi.

Na ufadhili wa Zulekha ulikuwa unaisha mwezi wa sita. Jaribio hilo likifa, hakuna muda wa kuanza lingine. Angerudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka minne. Haya yote alinieleza kwenye basi, na niliyasikia vizuri. Siwezi kusema sikuambiwa.

Kulungu wa jaribio walikuwa kumi na sita, wote wa mwaka mmoja, kila mmoja na hereni ya namba sikioni. Wanane zizi la kwanza, wanane zizi la pili, katikati wavu. Asubuhi na jioni Zulekha aliwamwagia zizi la kwanza chikori. Zizi la pili walipata majani makavu peke yake.

"Hawa wa zizi la pili hawapewi," aliniambia.

"Hawapewi kabisa?"

"Hawapewi, Bibi."

Hakuniambia kwa nini. Nami sikuuliza, nikajijibu mwenyewe: shamba dogo, majani hayatoshi. Mtu mwenye wageni wengi na sufuria ndogo hana la kufanya.

Ile chikori niliionja siku ya kwanza nikacheka peke yangu. Ni mchunga, mboga ya kwetu! Majani mapana zaidi, lakini uchungu ni ule ule unaopanda mpaka nyuma ya masikio. Nikachuma kidogo, nikachemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikatia tui. Laoban akaja kuchungulia, akaonja, akafumba jicho moja, kisha akaleta bakuli lake. Kuanzia hapo kila Jumanne mchana alikuwa ana shughuli karibu na jiko letu.

Mchana Zulekha hakuwepo. Ama yuko mjini darasani, ama kajifungia na hadubini yake upande wa pili wa shamba. Mimi nilichukua kigoda, nikakaa penye wavu kati ya mazizi mawili. Na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Zizi la kwanza wanatafuna mabaki ya asubuhi, midomo ya kijani. Zizi la pili wanatazama. Wanasimama palepale kwenye wavu, shingo ndefu, masikio mbele, wanatazama midomo ya wenzao. Sijui kama umewahi kula huku mtoto wa jirani amesimama mlangoni. Kwetu tonge haliendi kinywani mbele ya mtu bila kusema karibu. Siku ya kwanza nikawapa mgongo. Siku ya pili nikawapa mgongo, lakini nasikia pumzi zao. Siku ya tatu nikainuka.

Sikugusa mistari ya Zulekha, Mungu shahidi. Kulikuwa na chikori iliyojiotea mtaroni, mbegu zilizochukuliwa na maji, imefunga msitu mle. Nikajaza kikapu, nikakaa na jani moja mkononi, nikanyamaza.

Kulungu ukimfuata anakimbia. Ukimngoja, naye anakungoja. Nilikaa na jani lile tangu nimeswali adhuhuri mpaka likanyauka, nikachukua la pili. Siku ya tano yake akaja mmoja mwenye sikio lililochanika, akavuta jani kwa ncha ya mdomo kama mtu anayechukua mswaki wa mwenzake. Huyo nikamwita Kisikio. Kisha akaja jike mmoja anayetembea kichwa chini, taratibu, huyo ni Bi Harusi. Na popote aendapo Bi Harusi kuna mwingine nyuma yake, huyo ni Mpambe. Hao watatu nikawalisha kila mchana, kikapu kizima kizima, mkononi, mpaka wakaanza kunilamba vidole. Wa nne, Mwoga, alikuwa anafika hatua tatu, anarudi; siku nne za mwisho tu ndipo alipothubutu kula. Wengine wanne walijibanza ukuta wa nyuma, hawakutaka kujua habari zangu.

Nilitaka kumwambia Zulekha. Lakini akirudi jioni amechoka, anazungumza namba tu, nami nikaona jambo lenyewe dogo. Majani ya mtaroni!

Wiki ya sita ikafika. Alhamisi saa sita mchana niko jikoni nakuna nazi, Zulekha akaingia, hakusalimia, akaketi juu ya gunia la mchele. Dirishani trekta limeshaegeshwa pembeni ya chikori.

"Mke mwenzangu, kulikoni?"

"Imekufa, Bibi."

"Nani amekufa?"

"Kazi yangu." Akafuta uso kwa ushungi. "Zizi la kwanza walianza na mayai mia sita, wameshuka mpaka mia tatu. Nilifurahi nikaruka. Halafu nikapima zizi la pili. Nao wameshuka. Mia nne na hamsini! Laoban anacheka, anasema ni baridi ndiyo iliyoua minyoo, majani hayana lolote. Na kibaya zaidi, kuna watatu mle zizi la pili wamefika mia mbili. Ndio wazima kuliko wote, na hawajawahi kuonja hata jani moja."

Nikaacha kukuna.

"Watatu?"

"Watatu. Waliobaki wako vilevile."

Miaka yangu ni sabini na moja, na kukiri kosa bado sijazoea. Nikafuta mikono polepole kwenye kanga, nikakaa naye juu ya gunia.

"Zulekha," nikamwambia, sikumwita mke mwenza, "hao watatu nimewalisha mimi."

Akanitazama kama naongea lugha ya kulungu.

"Umewalisha nini?"

"Chikori. Ya mtaroni. Kila mchana."

"Bibi!" Akasimama. "Bibi, lile zizi ni la kulinganishia! Hawa wanakula, hawa hawali, halafu tunaangalia tofauti. Wakila wote nitajuaje ni majani au ni baridi?"

"Sasa si ungeniambia?"

"Nilikwambia hawapewi!"

"Uliniambia hawapewi. Hukuniambia wananyimwa kwa faida. Mimi nikadhani hayatoshi."

Akazunguka jikoni mara mbili. Kisha akasimama ghafla, mkono kichwani.

"Kila mchana? Wiki ngapi?"

"Kama tano."

"Kiasi gani?"

"Kikapu kimoja kila mtu."

"Bibi, hicho ni zaidi ya ninachowapa mimi." Akaanza kutabasamu, tabasamu likakatika. "Laoban hatakubali. Atasema nimekufundisha uje kunitetea. Mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo."

"Twende aseme tukiwa tunamwona."

Laoban alikuwa ofisini anakunywa chai, kofia kichwani, karatasi ya matokeo mbele yake. Zulekha akatafsiri maneno yangu yote, na namjua mtoto yule, hakupunguza. Hata lile la kumharibia kazi alilisema. Laoban alisikiliza, akacheka mpaka chai ikamwagika, akasema maneno mengi.

"Anasemaje?"

"Anasema bibi yeyote duniani angesema hivyo kwa mjukuu wake. Hata mama yake angesema."

"Mwambie mama yake alimlea vizuri. Sasa mwambie achukue karatasi yake twende zizini. Mimi sijaiona, na namba za hereni sizijui. Nitamwonyesha niliowalisha."

Laoban akaacha kucheka. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati, akamnyooshea Zulekha kidole: wewe baki hapa. Alihofia atanikonyeza. Zulekha akabaki mlangoni anauma kucha, sisi tukaondoka wazee wawili. Yeye hajui neno langu, mimi ya kwake najua mawili, bosi na hakuna.

Njiani nikapita mtaroni nikachuma fungu la chikori. Nikaketi kwenye kigoda changu. Laoban akasimama nyuma.

Sikungoja hata dakika. Kisikio alikuja mbio, akapiga wavu kwa kifua. Bi Harusi akaja na mwendo wake wa kichwa chini, Mpambe nyuma. Wakatia midomo mkononi mwangu wote watatu, wanasukumana. Nikamnyooshea kidole Kisikio. Laoban akainama, akasoma hereni, akafungua karatasi. Akairudia hereni. Nikamwonyesha Bi Harusi. Akasoma hereni, akasoma karatasi, akavua kofia. Mpambe. Akakuna upara.

Ningeishia hapo. Lakini Mwoga naye akaanza kuja, hatua tatu, akasita, kisha nne, akanyoosha shingo mpaka nikadhani itakatika, akavuta jani moja akarudi nyuma. Na huyo pia nilikuwa nimemlisha. Sasa nimfiche? Nikamnyooshea kidole.

Laoban akasoma hereni yake. Akatazama karatasi juu mpaka chini. "Meiyou!" akasema, kwa sauti ya muuzaji aliyekukamata na hesabu mbaya. "Meiyou, meiyou!" Huyu hayumo, yaani. Huyu minyoo yake iko palepale.

Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha vidole: nne. Nikalaza shavu juu ya viganja kama mtu anayelala, nikainuka. Moja. Nikalala tena, nikainuka. Mbili. Nikafanya hivyo mara nne, mzee mzima, juu ya kigoda. Kisha nikamwonyesha Kisikio na nikaanza kulala na kuinuka haraka haraka, mara nyingi, mpaka ushungi ukanidondoka. Laoban alikuwa ananitazama mdomo wazi. Halafu akaelewa. Huyu siku nne tu. Hawa siku tele.

Akatazama ukuta wa nyuma, kule waliko wale wanne wasionijua. Akachukua jani mkononi mwangu, akawanyooshea yeye. Hawakusogea. Akaangalia karatasi tena, kwa namba zao. Nikamwona anahesabu kwa midomo.

Basi akacheka. Hakucheka kama mwanzo. Alicheka anajipiga paja, akanipa mkono wa kuniinua kutoka kwenye kigoda, akapiga ukelele kwa yule mwenye trekta. Sikuelewa maneno, lakini niliona trekta linarudi nyuma.

Zulekha akaja anakimbia, kandambili moja imebaki ofisini.

"Anasemaje? Bibi, anasemaje?"

Laoban akazungumza, yeye akatafsiri huku analia na kucheka. "Anasema baridi haichagui wa kumpenda. Anasema mimi nilimletea namba akaona namba tu, wewe umemletea ushahidi." Akafuta macho. "Anasema chikori ibaki mpaka masika. Na anauliza kwa nini wako wamepona kuliko wangu."

"Mwambie wangu walikula kwa mkono. Zizi la kwanza kuna wawili wababe, wanakula wao, wenzao wanalamba chini. Huwaoni? Nimewaona mimi kwa macho mapya."

Zulekha akageukia zizi la kwanza. "Wiki sita nawapimia mavi," akasema, "sijawahi kukaa kuwatazama wakila." Akaandika kwenye daftari lake. Jioni ile aliweka mabakuli manane, kila moja mbali na lingine.

Profesa wake alipopigiwa simu hakucheka. Alisema yote yaandikwe kama yalivyotokea, bila kuficha, na bibi na kikapu chake waandikwe pia, kisha jaribio lirudiwe upya: safari hii zizi la pili wale, zizi la kwanza wasile. Muda unatosha, mwezi wa sita bado uko mbali. Zulekha alinionyesha ukurasa ule. Nimeandikwa "mhudumu wa ziada".

Rashid aliposikia alipiga simu kutoka Zhongda, nasikia watu wanabishania mita nyuma yake. "Mama, nimekuleta kutibiwa macho, umekwenda kuharibu chuo kikuu?"

"Sijaharibu. Nimeandikwa kwenye kitabu."

"Nitakutia kwenye kontena Nansha, nikuandike vitambaa, ufike Dar umekunjwa."

"Nikunje vizuri, basi. Usinikunje kiunoni."

Daktari ameshaniona, macho yamepona, tiketi ni mwezi ujao. Nimemwambia Rashid nitakaa Conghua mpaka siku hiyo. Kazi yangu sasa ni rasmi. Ninalinda wavu, na nimemwahidi Zulekha, tena kwa kuapa, na Laoban akiwa shahidi.

Kisikio, Bi Harusi na Mpambe wanapewa mabakuli yao kihalali, asubuhi na jioni. Mwoga naye anakula vizuri, siku hizi anawasukuma wenzake. Zizi la kwanza ndio wanaotazama. Wanakuja kwenye wavu wote wanane, maana wao chikori wameshaijua, shingo ndefu, masikio mbele. Mmoja wa wale wababe anapiga kwato chini kama mtu anayegonga mlango.

Mimi nimegeuza kigoda. Nimewapa mgongo, nina nazi yangu na mbuzi yangu, nakuna. Pumzi zao nazisikia shingoni. Leo ni siku ya kumi na mbili, na sijageuka.